Kondoo wa kuuza: shamba lichague mama, mnunuzi achague baba

Swali ninaloulizwa karibu kila wiki, hasa na wafugaji wapya walionunua ekari zao huku Kajiado na Machakos na wanataka kitu cha kuingiza hela, ni moja tu: daktari, ninunue mbegu gani ya kondoo? Na kabla sijafungua mdomo mtu ameshajijibu mwenyewe, Dorper. Ameona video, ameona dume limejaa mapaja, amepiga hesabu ya kilo mara bei, kwisha. Mimi huwa namrudishia swali: utamuuzia nani, na mwezi gani? Hapo wengi wananyamaza.

Manake mwanakondoo hana soko moja. Broka wa soko la mifugo la Ilbissil au Kiserian hanunui kwa mzani, ananunua kwa jicho na kwa mkono, anamshika mgongo, anashika shina la mkia, anataja bei. Anataka pia mzigo unaofanana, wanakondoo kumi wa saizi moja atawachukua haraka kuliko kumi na tano ambao kila mmoja na umbo lake. Mwenye bucha au hoteli anataka mdogo, miezi minne hadi sita au saba hivi, nyama laini na mafuta kiasi. Halafu kuna familia za Kimaasai zinazotafuta kondoo wa mkia mnene kwa ajili ya mama aliyejifungua, hao ukiwapelekea Dorper aliyekatwa mkia wanakuangalia tu. Na kuna Idd ya kuchinja, Idd ul-Adha, ambayo nitairudia maana ndiyo watu wengi wanaikosea hesabu.

Tuanze na Dorper mwenyewe. Ni mbegu iliyotengenezwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na Blackhead Persian, huyu kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni pembe yetu hii ya Afrika, Somalia huko. Kwa hiyo nusu ya damu ni ya nyumbani. Kwenye malisho mazuri mwanakondoo wa Dorper anaweza kufika kama kilo 36 akiwa na miezi mitatu na nusu hadi minne, na hiyo ndiyo namba inayozunguka kwenye WhatsApp. Ni kweli kabisa, ila soma tena: kwenye malisho mazuri. Namba hiyo ukiipeleka Ilbissil mwezi wa tisa, nyasi zimeisha na mama hana maziwa, haina maana yoyote.

Upande wa pili kuna Red Maasai. Mdogo, jike mzima kilo 30 au 35 hivi, mwekundu au kahawia, mkia mnene, hapendezi kwenye picha. Lakini huyu mnyama ana kitu ambacho wengi hawakilipii, anavumilia minyoo ile inayonyonya damu tumboni, inayoacha kondoo mweupe ndani ya kope na uvimbe chini ya taya. Miaka ya 1990 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwaweka Red Maasai na Dorper pamoja kule Diani, pwani, joto na unyevu, minyoo ya kumwaga, na Dorper walikufa vibaya sana, hasa wanakondoo. Ukijumlisha wanaopona na kilo zinazofika sokoni, kundi la Red Maasai lilizalisha zaidi ya mara mbili ya lile la Dorper. Mbegu ndogo ilishinda kubwa kwa sababu mwanakondoo aliyekufa hauzwi! Sehemu kavu zenye minyoo michache tofauti hiyo inapungua sana, na hapo Dorper anakaza. Ndiyo maana sipendi mtu akiniambia mbegu fulani ni bora bila kuniambia anaishi wapi.

Sasa ninavyoshauri mimi kwa maeneo yetu haya ya mvua ya kubahatisha: majike wawe Red Maasai au wenye damu nyingi ya Red Maasai, dume awe Dorper safi. Mama anakupa uhai, anakula kidogo wakati wa kiangazi, anatembea, halemewi na minyoo, na baba anakupa mapaja na spidi ya kukua. Mtoto wa krosi ya kwanza, yaani wa mbegu mbili tofauti safi, huwa anapata nguvu ya ziada ya mchanganyiko, ile ambayo wazazi wote wawili hawana mmoja mmoja, na wanakondoo wanatoka wanafanana, kitu ambacho nimesema broka anakipenda. Tahadhari moja tu, majike wadogo wanaozaa kwa mara ya kwanza usiwapandishe kwa dume kubwa mno, kuzaa kutakuwa kugumu na utakesha zizini.

Shida inaanza mfugaji akipenda wale watoto. Anaona krosi jike mzuri, anamwacha, anampandisha tena kwa Dorper, mara wa tatu, mara wa nne, na siku moja anashtuka kundi lote ni karibu Dorper kamili na bili ya dawa ya minyoo imepanda. Au anaacha dume la krosi lipande majike wa krosi, ile nguvu ya ziada inapungua nusu na wanakondoo wanatoka kila mmoja na lake, huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu mkia mnene, huyu mwembamba. Hili si jambo geni. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 madume ya Dorper yalisambazwa kwa ruzuku nchi nzima bila mpango wa nini kifuate, na leo kupata Red Maasai safi ni kazi, mpaka ILRI wanatunza kundi lao kwenye ranchi yao ya Kapiti. Ukipata majike safi usiwauze ovyo. Krosi wote peleka sokoni, hata yule mzuri, na sehemu ya majike zako pandisha kwa dume la Red Maasai ili upate wa kurithi mama zao.

Turudi kwenye kalenda. Idd ul-Adha inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na ya 2027 inategemewa katikati ya Mei. Waislamu wengi wa huku kwetu ni Mashafii, yaani wanafuata madhehebu ya Imam Shafii, wanataka kondoo aliyetimiza mwaka, au aliyeng'oa meno ya mbele baada ya miezi sita, kwa hiyo usishangae mnunuzi akifungua mdomo wa mnyama. Hataki kilema, chongo, mgonjwa wala aliyekonda mpaka mifupa. Na wengi hawataki aliyekatwa masikio au mkia, kwa hiyo kama unalenga Idd acha kuwawekea alama kwa kukata masikio, tumia hereni au rangi, na huo mtindo wa kukata mkia kila Dorper anayezaliwa uuache.

Ona sasa hesabu inavyoangukia. Dume likiingia Novemba na Desemba, majike wametoka kula nyasi za mvua za vuli, wamenenepa, wanashika mimba vizuri na mapacha wanaongezeka. Mimba ni miezi mitano, wanazaa Aprili na Mei kwenye mvua za masika, maziwa yapo. Wale krosi wazito, wanaokua haraka, wanafika Krismasi wakiwa na miezi saba, nane, unauza hapo bei ikiwa juu. Wale wepesi unawabakiza, wanatimiza mwaka karibu na Idd. Ila hao wanaobaki wanapita kiangazi kizima na msimu wa minyoo zaidi ya mmoja, na hapo ndipo damu ya mama yao mwekundu inapolipa. Ratiba hii inakaa kwa muda tu, Idd ikisogea itabidi upange upya.

Wenzangu wa Molo, Mau Narok na Nyandarua, baridi na nyasi mwaka mzima, nyie mna Corriedale, kondoo wa sufu na nyama, na Hampshire Down wa nyama, na hesabu zenu ni nyingine, sufu haina hela kubwa siku hizi kwa hiyo kama lengo ni nyama angalia Hampshire kama baba. Wa Isiolo kwenda juu hawanihitaji, kondoo wao wa Kisomali anajulikana mpaka Ghuba.

La mwisho ni kununua dume, na hapa watu wanapigwa sana. Kichwa cheusi na mwili mweupe si cheti cha Dorper. Rangi hiyo Dorper aliipata kwa bibi yake wa Kisomali, na krosi wa Kisomali anayo vilevile, na muuzaji akishakata mkia ushahidi wa ule mnono wa nyuma umeondoka. Shika mapaja, Dorper amejaa mpaka karibu na goti la nyuma. Angalia kifua kipana, meno ya chini yakutane na ufizi wa juu, korodani mbili zinazolingana, kwato safi. Uliza karatasi za Kenya Stud Book, daftari la usajili wa mifugo wa mbegu safi, na kama hakuna basi bei ishuke, usilipe bei ya karatasi kwa dume lisilo na karatasi. Omba kumwona mama yake na ulizia kama alizaa mapacha. Ukishamnunua andika tarehe aliyoingia zizini, maana binti zake wanaweza kupata joto la kutaka dume wakiwa na miezi sita au saba tu, kwa hiyo dume anatolewa au wao wanatengwa kabla ya hapo, asije akawapanda binti zake mwenyewe.