Laptopu ikizima, faili hazijazima nayo

Microsoft ilisitisha rasmi huduma zake za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wenye mashine za zamani hapa Kisumu wanahamia mpya, au mtumba ulio mpya kidogo. Katika kuhama huko ndipo vitu vya thamani hutupwa: kumbukumbu za chama, mitihani aliyoitunga mwalimu, barua za kesi ya shamba. Inauma, kwa sababu vingi kati ya hivyo vingeweza kuokolewa. Hizi hapa dhana nne potofu zinazovipoteza.

Dhana: Laptopu isipowaka, vilivyomo vimepotea.

Mara nyingi kilichokufa ni chaja, skrini au madabodi. Faili zimo kwenye diski, na diski ni kifaa cha peke yake. Katika laptopu nyingi za zamani ni ya inchi 2.5, imeshikwa kwa skrubu chache tu. Fundi akiitoa na kuitia kwenye kasha lenye waya wa USB, kompyuta mpya huisoma kama flashi kubwa. Ukifungua folda ya Users ukaambiwa huna ruhusa, usikate tamaa: folda hiyo bado inamtambua mwenyewe wa zamani, na msimamizi wa kompyuta mpya anaweza kujipa umiliki wake. Lakini diski ikigonga-gonga, izime papo hapo.

Kizuizi cha kweli ni BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski nzima. Diski iliyofungwa nayo hudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Ukiukosa, hakuna fundi wa Kondele wala wa Nairobi atakayekusaidia.

Dhana: Virusi vimekula faili za flashi, dawa ni kufomati.

Hii ndiyo inayowaumiza watu zaidi, hasa flashi ikishapita saiba kadhaa. Unaichomeka, unakuta ikoni za njia ya mkato (shortcut) tu. Kabla hujakubali ifomatiwe, tazama nafasi iliyotumika. Kama folda inaonekana tupu ilhali GB 3 zimejaa, faili zako zimo, zimefichwa tu. Usibofye ikoni hizo hata moja. Ikague flashi kwa programu ya kuua virusi, kisha fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Folda zitajitokeza na majina yake yale yale.

Dhana: Faili ikikataa kufunguka, ibadilishe jina iwe .docx.

Jina likibadilika, yaliyomo hayabadiliki. Faili za .doc za Word 97 hadi 2003 bado hufunguliwa na Word ya leo. Zinazokwama ni kama .wps za Microsoft Works na .wpd za WordPerfect, na hizo jaribu kuzifungua kwa LibreOffice, programu ya bure iliyoanza 2010. Jedwali likihama au kurasa zikiongezeka, huenda fonti ya zamani haimo kwenye kompyuta mpya. Hifadhi nakala kwa muundo mpya, na ile ya asili usiiguse.

Dhana: Iliyofutwa imekwenda.

Inategemea diski. Kwenye ile inayozunguka, kufuta huweka tu alama kwamba nafasi iko wazi. Maandishi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwenye SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, amri ya TRIM kwa kawaida husafisha nafasi hiyo mapema, na matumaini huwa madogo. Hivyo acha kuitumia diski hiyo mara moja, wala usisakinishe programu ya kuokoa humo humo. PhotoRec, programu ya kuokoa faili, ni ya bure. Iendeshe kutoka kompyuta nyingine na uokoe kwenye diski nyingine. Kwa kawaida hairudishi majina ya awali: utapata herufi f ikifuatwa na tarakimu nyingi, kwa hiyo tafuta kwa maneno yaliyomo ndani ya faili, kama jina la chama au la mwenye shamba.