Neno "get" la Kiingereza: kwanini "kupata" peke yake haitoshi

Kuna siku mtu ninayefanya naye kazi kwa mbali alinitumia faili refu, ndani kuna maelekezo kibao hatua kwa hatua, baada ya dakika chache akaniandikia "Did you get it?", mimi nikaangalia nikaona faili limeshaingia nikajibu chap "Yes, I got it". Kumbe mwenzangu alikuwa anauliza kama nimeelewa. Basi akakaa kimya akijua kazi inaendelea, na mimi nikakaa nasubiri anipigie anielekeze, siku mbili zimeisha kazi haijaguswa, na tulipokuja kuongea hakuna aliyekuwa na kosa la lugha, manake yale maneno manne yanabeba maana zote mbili, faili kufika na kichwa kuelewa.

Toka hapo nimelifuatilia sana hili neno, na naona wengi tunafundishwa get = kupata tunaachiwa hapohapo. Sio uongo, ila ni nusu ya safari.

Tuanze na pale ambapo "kupata" inatosha, manake pata yetu yenyewe ni neno zito kuliko tunavyolichukulia. Kupata kazi, kupata barua, kupata mafua, kupata ujauzito, zote hizo Kiingereza kinatumia get bila shida. Tukiongea kwenye simu tunaulizana "umenipata?", mwingine anajibu "nimekupata", na hapo ni get ileile ya kuelewa, "I get you". Tunasema watu fulani wanapatana, na Kiingereza kinasema "they get along". Hata ile "sijapata kuona jambo kama hili" ina udugu na "I never got to see it", yaani nafasi ya kuona haijawahi kunifikia. Lugha hizi mbili hazina ukoo wowote lakini zimechukua kitendo kilekile cha mkono kukamata kitu zikakisogeza mpaka kwenye kuelewa, kuelewana na kubahatika, na mimi hilo kila nikilifikiria linanifurahisha sana.

Sasa shida inakuja ukiamini kwamba zinaenda pamoja mpaka mwisho. Sisi tunasema "nimepata ajali", na wengi tukigeuza tunaandika "I got an accident", na hapo mwenye lugha anashtuka kidogo, kwake inakuwa kama vile umeenda dukani ukachukua ajali ukarudi nayo. Yeye anasema "I had an accident" au "I got into an accident", yaani uliingia ndani yake. Kupata mtoto pia, wao "have a baby". Kupata shida, "get into trouble" kama umejiingiza kwenye matatizo ya kulaumiwa au kuadhibiwa, na "have problems" kama ni matatizo tu ya kawaida. Hizi inabidi uzishike moja moja, hakuna njia ya mkato.

Halafu kuna upande ambao pata haifiki kabisa. "What time did you get home?" hakuna anayeuliza "ulipata nyumbani saa ngapi", tunasema ulifika. "Get the door" mtu akigonga ni nenda kafungue, "get the phone" ni pokea simu. "Get dressed" ni vaa. "Get married" ndo nzuri zaidi, manake sisi ukimtaja mtu mmoja kawaida unachagua, mwanaume anaoa mwanamke anaolewa, wakati wao wote wawili wana-get married na sentensi haikwambii nani kamuoa nani.

Ukiziangalia hizo zote utaona kuna kitu kimoja kinachozishika: mwanzoni hali ilikuwa hivi, sasa imekuwa vile. Hukuwa nyumbani, sasa upo. Hukuwa na nguo mwilini, sasa unazo. Hukuwa unaelewa, sasa umeelewa. Get inapenda sana ule wakati wa kuvuka, na ndo maana inafuatwa na maneno ya sifa kirahisi hivyo: get old, get tired, get sick, get dark. Sisi kwa mambo kama hayo mara nyingi tuna kitenzi kizima kinachojitegemea, zeeka, choka, ugua, kwahiyo hatuioni kazi ambayo get inafanya. Na kuna mtego hapa wa "nimechoka". Kwa Kiswahili nimechoka inakwambia uchovu umeingia na bado upo, vyote kwa mpigo. Kiingereza kinakulazimisha kugawa: ukiwa unaongelea hali uliyonayo sasa ni "I am tired", ukiwa unasimulia pale uchovu ulipoingia ni "I got tired", mfano tulitembea weee mpaka nikachoka. Ukisema "I got tired" ukimaanisha sasa hivi, msikilizaji anabaki anasubiri hadithi iendelee.

Kuna get nyingine inayochukua nafasi ya kutendwa. "He was fired" na "he got fired" zote ni kafukuzwa kazi, ila ya kwanza ni kama taarifa, ya pili ina joto la mtu anayesimulia, unasikia kwamba jambo limemkuta jamaa. Ndo maana kwenye maongezi utasikia zaidi got robbed, got hurt, got paid, got promoted, mambo yanayomgusa mtu, yawe mabaya au mazuri, na kwenye ripoti ya ofisi wanarudi kwenye was. Karibu na hiyo kuna ya kufanyiwa kazi na mtu mwingine: "I cut my hair" maana yake umeshika mkasi mwenyewe, "I got my hair cut" maana yake umekaa kwenye kiti ukanyolewa. Watu wengi wanasema ile ya kwanza wakimaanisha ya pili.

Na ukimfanya mtu afanye kitu? "I got him to sign" ina maana hakuwa tayari au hakuwa na mpango, ukaongea naye, ukambembeleza au ukamzunguka, mwisho akasaini. "I made him sign" hapo umemlazimisha. Angalia vizuri ile "to", inakuja na get haiji na make, ukiiacha kwenye get sentensi inavunjika.

Ila mimi nikiambiwa nichague sehemu moja tu ya kumfundisha mtu, ntachagua hii. "I get to work on Sunday" na "I've got to work on Sunday". Ukisikia haraka zinafanana, tofauti ni herufi chache, lakini ya kwanza inaweza kubeba furaha, yaani nimepewa nafasi ya kufanya kazi Jumapili na nimeitaka, ya pili ni lazima, sina namna. Kwenye maongezi hiyo ya pili inabanwa inakuwa "gotta" na mara nyingi "have" inamezwa kabisa, kwahiyo kwa mambo ya sasa au yajayo sikio lako likamate got to kwa upande wa lazima na get to kwa upande wa kubahatika. Mtu akikwambia "you get to meet her" usimpe pole.

Kuhusu "gotten", watu wanabishana sana kama ni kosa. Sio kosa. Ni umbo la zamani ambalo Uingereza liliwahi kutumika kawaida, baadaye huko likafifia wakabaki na got, ila Marekani liliendelea kuishi mpaka leo. Na Wamarekani wanalitumia kutenganisha vitu viwili: "I've got a ticket" tiketi ninayo, "I've gotten a ticket" tiketi nimeipata. Wewe chagua upande mmoja ukae nao, kuchanganya ndo kunakosumbua msomaji.

Walimu wengi wanatukataza get kwenye maandishi rasmi, na nawaelewa, barua ya maombi ya kazi ikijaa get inasikika kama stori za kijiweni. Sababu iko kwenye historia. Baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na maneno kama receive, obtain na arrive yakaingia kwa mlango huo, yakakaa upande wa ofisi na sheria. Get yenyewe imetoka kwa Waviking, watu wa Skandinavia, kwa lugha yao ilikuwa "geta", ikabaki midomoni mwa watu wa kawaida. Ndo maana hata leo moja inavaa suti na nyingine imetulia nyumbani. Lakini usiogope kuitumia unapoongea, mtu anayesema "I obtained a cold" anachekesha zaidi ya anayesema get.

Na hiyo geta inatoka kwenye mzizi wa zamani zaidi wenye maana ya kushika, kukamata kwa mkono. Kiingereza chenyewe kabla ya Waviking kilikuwa na ndugu yake, ila huyo ndugu hakusimama peke yake bali aligandishwa kipande kingine mbele yake, na mmoja wa watoto wake tunaye mpaka leo: forget. Kile kipande cha mbele, "for", hapo kinabeba maana ya kupotea, kuachia. Kwahiyo kusahau, kwa wale wa zamani, ilikuwa ni kitu ulichokuwa umekishika halafu mkono ukakiachia.