Je, wajua kwa nini kitabu cha wavuti cha mwaka 2000 kinaweza kukufundisha leo, na cha juzi tu kikawa kimeshapitwa?

Chukua vitabu viwili vya kutengeneza saiti, vyote vya mwaka 2000. Kimoja kinafundisha kupanga ukurasa kwa majedwali ya HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) na kuweka Flash (programu ya vibonzo na video kwenye kurasa), kingine kinaeleza jinsi watu wanavyosoma skrini. Cha kwanza leo hakikusaidii, Flash ilizimwa rasmi mwisho wa 2020 na kupanga ukurasa kwa majedwali kulishaachwa kitambo, CSS, lugha ya kupanga na kupamba ukurasa, ndo inafanya hiyo kazi. Cha pili unaweza ukakisoma leo usiku na kesho asubuhi ukaboresha saiti yako.

Ni kwamba hivi vitabu haviongelei kitu kimoja, japo dukani vimekaa rafu moja. Cha kwanza kinaongelea brauza, na brauza zinapata toleo jipya kila baada ya wiki chache. Cha pili kinaongelea macho, vidole, kumbukumbu na uvumilivu wa mtu, na hivyo havina toleo jipya. Steve Krug, ambaye kitabu chake "Don't Make Me Think" kilitoka huo huo mwaka 2000, alieleza kwamba watu hawasomi ukurasa mstari kwa mstari, wanapitisha macho tu halafu wanabonyeza cha kwanza kinachoonekana kinafaa. Ukimwangalia mtu yeyote na simu yake sasa hivi utaona ni hivyo hivyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani zaidi. Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1954 alichapisha majaribio ambayo watu walishika kijiti kama kalamu wakawa wanagonga vibati viwili vya chuma kwa zamu, kushoto kulia kushoto kulia, haraka wawezavyo, huku yeye anabadilisha upana wa vibati na umbali kati yake. Akaona muda wa kugonga unaongezeka kibati kikiwa mbali, na unaongezeka pia kikiwa chembamba, akaiwekea fomula. Hapo kipanya cha kompyuta hakijabuniwa bado, simu ya kugusa ndo kabisa! Lakini kile kialama cha X cha kufunga tangazo kwenye simu, kidogo, kimejificha pembeni, unagusa unakosa unajikuta umefungua tangazo lenyewe, maelezo yake yako kwa Fitts. Sasa mfikirie mtu ambaye mikono yake inatetemeka. Oktoba 2023 shirika linaloweka viwango vya wavuti, W3C, lilipotoa WCAG 2.2, mwongozo wake wa ufikivu (yaani saiti itumike na kila mtu, hata mwenye ulemavu), likaweka sharti kwamba kitu cha kubonyeza kiwe walau pikseli 24 kwa 24, ukiacha hali chache zilizotajwa humo. Kati ya vile vibati na hili sharti kuna karibu miaka 70, na kidole ni kile kile.

Ndo maana ukisoma kitabu cha ufikivu usikimbilie namba peke yake, tafuta mtu aliye nyuma ya namba. WCAG inataka maandishi ya kawaida yawe na kontrasti (tofauti ya mwanga kati ya rangi mbili) ya 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi iliyo nyuma yake. Ukiisoma hivyo hivyo inaonekana ni sheria kavu tu. Kumbe imechaguliwa kufidia macho yaliyopungua nguvu mpaka kiwango cha karibu 20/40 (unaona ukiwa futi 20 kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa futi 40), yaani macho ya kawaida ya mzee wa miaka 80 hivi. Ukishajua hilo ile rangi ya kijivu hafifu unayoona inapendeza unaanza kuiangalia tofauti. Kijivu chenye msimbo wa rangi #777777 juu ya nyeupe kinapata 4.48, kimefeli kwa nywele, #767676 kinapita, na kwa jicho zima hutaona tofauti yake, kwa hiyo usikadirie, pima kwa programu za kupimia kontrasti, zipo za bure.

Kwa hiyo ukishika kitabu, angalia kwanza mwaka kwenye zile kurasa za HTML, CSS na JavaScript, na kama ni wa zamani ruka hizo sura bila huruma. Sura za watu zisome hata kama picha zake za skrini zinaonekana za kale.

Ila kuna sehemu ambayo kitabu peke yake hakifiki, na hapa naomba usipaone padogo. Kitabu kitakwambia kitufe kitengenezwe kwa elementi ya button na sio div (boksi tupu la HTML) iliyopakwa rangi, utaelewa, utaitikia kwa kichwa, utasahau. Weka kipanya pembeni, bonyeza Tab kwenye saiti uliyotengeneza mwenyewe, uone ile div inarukwa kama haipo, na mtu anayetumia kibodi tu fomu yako hawezi kuituma. Halafu washa kisoma-skrini, yaani programu inayokusomea skrini kwa sauti: NVDA ni ya bure kwa Windows, VoiceOver iko ndani ya iPhone na Mac, TalkBack kwenye simu nyingi za Android, funga macho na jaribu kufungua orodha ya viungo vya ukurasa wako. Kama vyote umeviandika "bonyeza hapa" utasikia bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa, na hujui hata kimoja kinakwenda wapi. Picha usizoziwekea maelezo utasikia jina la faili linasomwa, au usisikie kitu.

Mi naona utaratibu mzuri ni sura moja halafu jaribio moja hapo hapo, kabla ya kufungua sura inayofuata. Na ukimpata mtu anayetumia kisoma-skrini kila siku akakubali kuijaribu saiti yako, mwombe afanye kitu kimoja tu, mfano kujisajili, wewe kaa kimya uandike pale anapokwama.