Bango lisilosomeka mpaka lisimuliwe

Kanuni ya kwanza ninayowafundisha wanafunzi wangu wa uchoraji: bango lisomwe na abiria aliye kwenye daladala inayoondoka. Picha moja, maneno machache, basi. Wakishaikubali, nawatandikia mezani bango liitwalo Mesoamérica Resiste (Kihispania, yaani Mesoamerika yapinga), nao wananikodolea macho. Bango zima halina mahali pa jicho kupumzika.

Limechorwa na Beehive Design Collective, kikundi cha mji wa Machias, jimbo la Maine, Marekani. Ni wino mweusi mtupu, kazi ya miaka 9 iliyotoka mwaka 2013, baada ya wachoraji kupita nchi za Amerika ya Kati wakisikiliza wenyeji. Walichokuwa wakikifuatilia ni Plan Puebla Panamá, mpango uliozinduliwa mwaka 2001 na Rais Vicente Fox wa Mexico (ambaye kabla ya siasa alikuwa mkuu wa Coca-Cola nchini humo). Barabara kuu, mabwawa ya umeme, nyaya za kuunganisha gridi kutoka kusini mwa Mexico hadi Panama. Mwekezaji anaona mistari kwenye karatasi. Mistari hiyo inapita juu ya mashamba ya watu. Wenyeji wakaupinga, na mwaka 2008 mpango ukapewa jina jipya, Proyecto Mesoamérica.

Sasa angalia mkunjo. Likiwa limefungwa, unaona ramani iliyochorwa kwa mtindo wa zile za kikoloni, miradi mikubwa ikivamia nchi kavu na bahari. Lifungue, na ndani unakuta nchi ileile ikitazamwa kutoka chini: watu wanatetea ardhi, wanatunza mbegu, wanaendesha masoko yao. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Hoja yao haiko kwenye maandishi, iko kwenye karatasi yenyewe. Usipoifungua kwa mkono wako, unabaki na ramani ya mwekezaji.

Nimesema watu, lakini humo hamna binadamu. Wote ni wadudu, ndege na wanyama wa huko. Sisi tuliolelewa na Sungura na Fisi hatuhitaji kuelezwa sana. Ukichora tajiri mwenye kitambi na sigara, mtazamaji anacheka na kupita. Ukichora mkulima, itabidi umpe rangi na kabila, na mabishano yatahamia huko.

Udhaifu wake? Ukilibandika ukutani na kuondoka, limekufa. Wachoraji wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana walilichapa pia kwenye kitambaa kikubwa, wakaenda nalo shuleni na mikutanoni, mtu akasimama mbele na kulisimulia kipande kwa kipande. Mchoraji hatii sahihi, na kunakili kwa shughuli zisizo za biashara kunaruhusiwa.

Mara ya mwisho niliwaambia wanafunzi kila mmoja achague mnyama mmoja, aeleze anafanya nini na kwa nini yuko pale. Kengele ililia tukiwa bado kwenye kona ya chini, kushoto.