Kubeti kunapogeuka ugonjwa: dalili zake na pa kupata tiba

Wengi wanaofika kliniki yetu ya afya ya akili wakiwa na uraibu wa kubeti hawaji kwa kusema hivyo. Wanakuja kwa kukosa usingizi, presha, au kwa sababu ndugu wamemkuta mtu akitaka kujidhuru. Habari za mkeka, yaani tiketi ya kubeti yenye timu kadhaa ambazo lazima zishinde zote, hutoka baadaye, kwa sauti ya chini, mke akishatoka nje.

Chukua dereva wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba. Asubuhi ameweka buku, yaani shilingi 1,000, kwenye mkeka wa timu 10. Usiku, timu tisa zimetiki, moja imeshindwa na kuchana mkeka. Hasemi "nimeliwa", anasema "nilibakiza timu moja tu". Ubongo hupokea kukosakosa kwa namna hiyo karibu sawa na ushindi, na hamu inapanda badala ya kushuka. Saa sita usiku anafungua kindege, mchezo wa kamari wa kwenye simu, anaweka hesabu ya bosi, ile hela ya kumpelekea mwenye pikipiki, ili airudishe ile buku. Kwenye huko kuirudisha ndiko ugonjwa unakojionyesha zaidi, kuliko kwenye kiasi alicholiwa.

Na hesabu za mkeka wenyewe hazimsaidii. Tuseme kila timu kwenye mkeka wake ina nafasi ya asilimia 65 ya kushinda, ambayo ni nzuri sana. Zote 10 kushinda kwa pamoja ni kama mara 1 katika mikeka 74. Kwa odi (namba inayozidisha dau) ya 1.5 kwa kila timu, buku yake ingemlipa takriban shilingi 57,700, wakati mikeka 74 imemgharimu 74,000. Ujuzi wa mpira hauzibi pengo hilo.

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu huu kama ugonjwa, na umo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Tunauliza: je, dau linazidi kupanda ili usikie raha ileile? Umejaribu kuacha ukashindwa? Unakuwa na hasira usipocheza? Unaficha simu, unafuta meseji za miamala? Umegusa ada ya mtoto, hela ya kikoba, au umeingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa? Wanaocheza mashine za kamari, dubwi na bonanza, maswali ni yaleyale. Kuna jambo moja watu hawalijui: baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson zinaweza kumwamshia mgonjwa tamaa ya kamari ambayo hakuwa nayo. Ukiona hivyo kwa mzee wako, mwambie daktari wake mapema, wala usimwachishe dawa mwenyewe.

Nasema na familia sasa, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea kwa mapenzi. Kaka analia, ndugu wanachanga, deni linalipwa lote kwa mkupuo, anakabidhiwa hela mkononi. Wiki mbili baadaye yuko palepale, na safari hii anaona aibu kuwarudia. Kama mnalipa, mlipeni mdai moja kwa moja, na iwe baada ya mgonjwa kuanza matibabu. Kwa muda, mshahara na laini ya hela vishikwe na mtu anayemwamini. Afunge akaunti zake za kubeti, aombe kampuni zisimfungulie tena. Na muulizeni waziwazi kama anawaza kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Tiba iliyothibitika zaidi ni ya mazungumzo. Mgonjwa na mtaalamu wanachambua saa, mahali na mawazo yanayomvuta, kisha anajifunza kuipisha hamu ipite, maana hupanda na kushuka. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahsusi kwa uraibu huu, ila sonona na wasiwasi vinavyoambatana nao vina dawa. Kurudia kucheza hutokea. Anayerudia aje tena, hatufukuzi mtu.

Kwa Tanzania, anza na hospitali ya rufaa ya mkoa wako, uulizie kitengo cha afya ya akili. Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma wapo madaktari bingwa wa magonjwa ya akili. Wasomaji wa Kenya wanaweza kupiga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Ukifika mapokezi huna haja ya kueleza yote mbele ya foleni. Sema tu, "nahitaji kuonana na mtu wa afya ya akili", na ukishaingia chumbani litaje neno lenyewe: kubeti. Kama unaweza, njoo na taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu. Tutaisoma pamoja, taratibu.