Nyuni na sindano: ujumbe ule si kweli
Ule ujumbe wa sauti umerudi tena kwenye magrupu ya Mombasa: mtoto akishikwa na nyuni, yaani degedege, asidungwe sindano, atakufa, afukizwe kwanza. Si kweli. Degedege kwa mtoto mdogo mara nyingi huletwa na homa kali, na nyuma yake huenda kuna malaria au homa ya uti wa mgongo. Hospitali watampima joto na kumtoa tone la damu kidoleni. Jibu la malaria huwa tayari kwa dakika 20 hivi. Sindano hulaumiwa kwa kuwa wengi hufikishwa wamechelewa, hawajitambui tena. Akikakamaa, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mkimbize hospitali. Na sauti hiyo, hata ikitoka kwa shangazi, usiisambaze.