Mumbai na hukumu za siku ya kwanza

Wengi wetu tunaofika Mumbai huwa tumefuata matibabu, masomo au mzigo, na muda wa kuutazama mji ni siku mbili tatu. Honi, umati, joto, harufu ya mafuta ya kukaangia, vyote hukupokea kwa mpigo. Kinachosimuliwa nyumbani huwa kifupi: kule ni fujo tupu. Fujo ipo, sikatai. Ila mengi yanayoitwa fujo ni utaratibu ambao mgeni hajaelekezwa.

"Kwenye treni mwenye nguvu ndiye mwenye kiti."

Treni za mjini hubeba takriban abiria milioni 7 kwa siku, na milango ya mabehewa mengi haifungwi. Hatari yake si ya kupunguza chumvi: kila mwaka watu zaidi ya 2,000 hufa kwenye njia hizo, wengi wakikatiza reli kwa miguu au wakianguka. Kwa hiyo ukiogopa saa za kwenda na kurudi kazini, hujakosea.

Lakini angalia ndani. Ubao wa stesheni una herufi S au F: ya kwanza ni treni inayosimama kila kituo, ya pili inaruka vituo. Usipoisoma hiyo herufi, utajikuta umepelekwa mbali na kwako. Wanawake wana mabehewa yao. Benchi la watu watatu hukaliwa na wanne. Yule wa nne anaegesha nusu ya makalio, na hakuna anayemnunia, maana ni haki yake. Aliyesimama humuuliza aliyeketi, "Unashukia wapi?" Akijibiwa "Dadar", basi kiti kimeshapata mrithi, na wengine waliosimama hapo wanaliheshimu hilo bila kuandikishana. Anayeshuka kituo kijacho huanza kusogea mlangoni mapema, akiuliza aliye mbele yake kama naye anashuka. Kama hashuki, wanabadilishana nafasi. Mgeni anayengoja treni isimame ndipo ainuke hukutana na wimbi la wanaopanda, akabaki ndani, kisha akasimulia kwamba watu wa Mumbai hawana adabu.

"Honi ni matusi."

Kwetu dereva akikupigia honi mara tatu, ujue anakugombeza. Kule mara nyingi honi inasema tu "nipo ubavuni mwako", na kwa miaka mingi malori yalibandikwa nyuma maneno ya kuwaomba wenzao wapige honi. Jimbo la Maharashtra, ambamo Mumbai imo, lilipiga marufuku maandishi hayo mwaka 2015. Wala usidhani wenyeji wanazipenda kelele. Mwaka 2020 polisi wa usalama barabarani walionyesha jaribio lao la taa zenye kipima sauti: honi zikizidi desibeli 85, taa nyekundu inaanza kuhesabu upya. Ukiharakisha kwa honi, unangoja zaidi. Natamani lingeletwa Kariakoo.

"Bajaji zimejaa kila kona."

Kaskazini, ndiyo. Ukivuka Bandra na Sion kuelekea kusini, ambako ndiko kuna Colaba na majengo ya kale ambayo wageni huyafuata, haziruhusiwi. Huko utapanda teksi nyeusi yenye paa la njano, na ina mita.

"Mgeni lazima alanguliwe."

Sokoni patana, tena patana bila haya. Lakini bidhaa iliyofungwa kiwandani, maji, biskuti, sabuni, ina bei ya juu kabisa iliyochapishwa kwenye kifungashio karibu na herufi MRP, na sheria inamkataza muuzaji kuivuka. Geuza chupa, soma, lipa. Hapo huhitaji kujua lugha wala kuigiza mwenyeji.

"Wahindi hawali nyama."

Wapo wengi wasioigusa, na migahawa yao ni mitamu kweli. Ila Mumbai ulianza kama visiwa vya wavuvi, Wakoli, ambao bado wanavua. Nenda bandari ya Sassoon alfajiri uone kamba na samaki wanavyogombewa, halafu urudie kauli yako.

"Mtu mweusi kule ni kioja."

Macho utakaziwa, na wanafunzi wa Kiafrika nchini India wamelalamika kwa miaka mingi kunyimwa nyumba za kupanga. Hilo ni kweli na linauma. Lisilo kweli ni kwamba pwani ile haikumjua Mwafrika kabla ya ndege. Kusini ya Mumbai, mbele ya mji wa Murud, ipo ngome ya Janjira iliyojengwa katikati ya maji. Watawala wake walikuwa Siddi, watu wenye asili ya Afrika, na dola yao ilidumu hadi 1948. Mwaka 1689 jemadari wao Yakut Khan alitua Bombay yenyewe, ndiyo Mumbai ya leo, akawazingira Waingereza ndani ya ngome yao, na hakuondoka hadi mwaka uliofuata. Vizazi vya Siddi wapo mpaka leo, hasa katika majimbo ya Gujarat na Karnataka. Janjira unaifikia kwa mashua kutoka kijiji cha Rajapuri, ila usipange safari hiyo Juni au Julai: mvua zikichachamaa, mashua hazivuki.